Sindano ya Shaba na Kamba ya Pangani

Mtoto wa pwani anaposimuliwa habari za Fumo Liyongo, macho yake huelekezwa kwa shujaa mwenyewe: kimo chake, upinde wake, na panda aliyoipuliza hata ikapasuka. Akikua, huendelea kumtazama yeye. Ni nadra kuambiwa awatazame waliomzunguka, ilhali hao ndio waliochagua. Liyongo, kwa hakika, hakupewa mengi ya kuchagua. Alizaliwa na nguvu zilizomtisha mfalme, na mengi yaliyofuata yalimjia bila kuitwa. Mama yake, mjakazi wa nyumbani na mwanawe wa kumzaa ndio waliosimamishwa kwenye njia panda, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja akashika njia yake.

Jambo hili lina uzito hata nje ya tungo. Historia ya Mrima na visiwa vyake imejaa watu waliosimama pahala kama hapo, na hukumu wanazopewa, kwamba huyu shujaa na yule msaliti, hurithiwa na wajukuu kama urithi wa shamba au wa deni. Kwa hivyo si kazi bure kuuliza: utendi umewafunza nini wasomaji wake kuhusu kuupima uamuzi wa mtu? Na wanapomfikia mtu wa kweli, aliyeishi na akafa katika mwaka unaojulikana, je, humpima kwa mizani ile ile?

Utendi wa Fumo Liyongo unaojulikana zaidi ni ule wa Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu, alioutunga mwaka 1913. Kijumwa alikuwa mshairi, mwandishi wa khati nzuri na mchongaji wa mbao, mtu wa mkono mtulivu. Lakini hadithi ni kongwe kuliko yeye. Mwaka 1870 Edward Steere aliichapisha kwa nathari katika mkusanyo wa hadithi za Waswahili alizosimuliwa Unguja; na Liyongo mwenyewe huwekwa katika zama za mbali zaidi, karne ambayo wataalamu hawajaafikiana. Maana yake ni kwamba hadithi hii ilipita midomoni mwa vizazi vingi kabla ya kushikwa na kalamu. Kila kizazi kiliacha kilichoona hakina faida, na kilichosalia ni kile ambacho watu wengi, kwa muda mrefu, waliona kinastahili kukumbukwa.

Mmoja wa waliokumbukwa ni Saada, mjakazi. Hana mali, hana ukoo wa kumtetea, na hana ahadi ya kupewa chochote. Liyongo yumo gerezani, amefungwa minyororo, na kila siku Saada humpelekea chakula ambacho walinzi hukipokonya na kukila wao. Ndipo mfungwa anapompa ujumbe wa kumfikishia mama: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake afiche tupa. Mama anafanya zaidi ya alivyoambiwa. Anapika na vyakula vizuri, ili walinzi wapate cha kukimbilia. Walinzi wanakula vilivyo vizuri, wanautazama mkate wa wishwa, wanaona ni chakula cha watumwa, wanauacha upite. Kisha Liyongo anaomba kabla ya kufa achezewe gungu na mwao, na katika kelele za ngoma na matoazi anazikata pingu zake.

Wasifiao hadithi hii husifu werevu wa Liyongo. Lakini werevu huo haukuwa na miguu. Miguu ilikuwa ya Saada, na lau mlinzi mmoja angeuvunja ule mkate, shingo ya kwanza kuulizwa ingekuwa ya Saada. Utendi haumpambi wala haumpi hotuba. Umemwonyesha akienda na kurudi tu. Dharau ya walinzi kwa chakula cha mtumwa ndiyo iliyoufungua mlango wa gereza, na dharau hiyo hiyo huenda ndiyo iliyowafanya wasomaji wengi wampite Saada bila ya kumtazama. Mtu aliye chini kabisa katika mji, asiyetarajiwa kuwa na uamuzi wowote, aliamua. Na uamuzi wake ulishinda ule wa mfalme.

Baada yake anakuja mwana. Utendi unasema mama yake alikuwa wa Wagala, ambao leo huitwa Waoromo. Watu wake waliiomba mbegu ya Liyongo kwa sababu ya sifa zake, akaozwa kwao, akazaliwa kijana. Mfalme wa Pate, baada ya kushindwa kwa nguvu na kwa hila, anamgeukia huyu. Anamwahidi cheo na kumwoza binti yake. Kijana anakwenda kwa baba na kumuuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua. Baba si mjinga. Anashuku, anamwonya kwamba anahadaiwa, na hata hivyo anamjibu: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni.

Hapa ndipo utendi unapoonyesha ukubwa wake. Mtunzi mdogo angemwandika kijana kama nyoka: angetumwa, angechoma, angekimbia. Katika utendi kijana anakawia. Anakaa na baba, anakula naye, anaona jinsi kazi ilivyo nzito, anangoja mpaka baba alale usingizi mzito. Msomaji anapewa muda wa kukaa naye katika kule kukawia, na kuona kwamba mlango wa kurudi ulikuwa wazi mchana kutwa na usiku kucha. Hakulazimishwa. Hakufungwa. Alikuwa na baba aliyemwonya, na alikuwa na wasaa. Ndiyo sababu hukumu dhidi yake ni nzito: si kwa kuwa alizaliwa mwovu, bali kwa kuwa aliijua njia nyingine na hakuishika. Ahadi ya mfalme haikutimizwa, na kijana alikufa kwa fedheha.

Hata hivyo utendi haukumpa jina. Mjakazi anaitwa Saada, lakini mwana wa shujaa ni mwana tu. Yamkini wasimulizi waliona aibu kulitaja, au waliona kwamba jina lingemfanya awe mtu mmoja wa mji mmoja, na kosa lake likawa la watu wengine. Asiye na jina anaweza kuwa yeyote. Wazee husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na hadithi hii imeichukua methali hiyo na kuigeuza kichwa chini: aliyeua ni yule yule ambaye methali ilimtegemea.

Sasa na iwekwe hadithi ya kweli kando ya hii. Nayo ina utendi wake. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mwanachuoni na mtunzi wa nyenzo kadhaa za dini, ukiwemo ule wa Abdirrahmani na Sufiyani, alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima muda mfupi baada ya vita hivyo kwisha. Katika miaka ya 1950 J. W. T. Allen aliuchapisha pamoja na tafsiri yake. Bahari, bahari ya utungo na bahari ya maji, ni ile ile. Lakini safari hii watu wote wana majina na tarehe.

Mwezi Aprili 1888 Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Said, aliweka saini mkataba uliowapa Kampuni ya Kijerumani uendeshaji wa ukanda wa Mrima, kutoka mto Umba hadi Ruvuma, kwa muda wa miaka 50. Mwezi Agosti bendera ya Kampuni ilipandishwa Pangani. Mwakilishi wa Kampuni hapo alikuwa Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, na jina hilo lamweleza kuliko maelezo marefu. Mwezi Septemba miji ya pwani ikainuka mmoja baada ya mwingine, tangu Tanga hadi Mikindani.

Aliyetokeza mbele Pangani ni Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa kando ya mto. Yasemwa kwamba mama yake naye alikuwa Muoromo, kama mama wa yule kijana wa utendi. Ukoo wake wa Harthi ulikuwa na ugomvi wa miaka mingi na Mabusaidi waliotawala Unguja, kwa hiyo hakuinuka ili kuilinda heshima ya Sultani. Aliona kwamba kiti kimeuzwa na waliokalia kiti hawakuulizwa. Huo ulikuwa uamuzi wa kwanza, na ulikuwa wa hiari. Mtu mwenye miwa na watumwa wa kuikata angeweza kukaa kimya, akangoja upepo, akafanya biashara na Kampuni. Wapo waliofanya hivyo.

Ujerumani ikamtuma Hermann Wissmann, akaja na askari wa Kisudani walioandikwa Misri na wengine kutoka Msumbiji. Tarehe 8 Mei 1889 aliivunja boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Mwezi Julai akaichukua Pangani. Abushiri akaingia bara, akaishambulia ngome ya Wajerumani Mpwapwa, kisha akashuka tena na wapiganaji wa Kimbunga aliowakodi. Hapa pana uamuzi wa pili, nao haukuwa mwema. Wapiganaji hao walipora na kuchoma vijiji vya Uzaramo, vijiji ambavyo havikuwa na ugomvi naye. Yule aliyeinuka kwa ajili ya nchi aliwaleta watu wakaiumiza nchi. Waliokuwa wakimficha wakaanza kumwogopa. Mwezi Oktoba alishindwa Yombo, na tangu hapo akawa mtu wa kukimbia, na wafuasi wake wakawa wanapungua kila siku.

Kando yake alikuwapo Bwana Heri bin Juma wa Saadani. Huyu hakuwa mgeni wa kukataa kutawaliwa. Mwaka 1882 aliwahi kulirudisha nyuma jeshi la Seyyid Barghash. Alipigana na Wajerumani hata baada ya Abushiri kufa, kisha mwezi Aprili 1890, watu wake wakiwa na njaa na Saadani ikiwa magofu, akakubali sulhu. Hakuuawa. Aliruhusiwa kurudi kuujenga upya mji wake. Je, aliyekubali amani alikuwa dhaifu kuliko aliyekataa? Watu wa pwani hawakumwita hivyo. Waliona kwamba alihesabu vinywa vilivyokuwa nyuma yake, akaona hesabu haitoshi. Na mwaka 1894 alishika silaha tena, kuonyesha kwamba ile sulhu haikuwa mapenzi.

Abushiri hakupata wasaa huo. Mwezi Desemba 1889, akiwa mchovu na karibu peke yake, aliingia katika mji wa jumbe mmoja wa bara ya Pangani. Jumbe huyo, jina lake Magaya, alimkamata na kumkabidhi kwa Wajerumani, waliokuwa wametangaza zawadi ya fedha. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani.

Hapo ndipo hadithi mbili zinapokutana na kuachana. Utendi wa Liyongo umempa msaliti wake moyo, ukamnyima jina. Historia imempa Magaya jina, ikamnyima moyo. Vitabu vinasema alimtoa mgeni kwa zawadi, na hapo vinafunga ukurasa. Hakuna aliyeandika alivyolala usiku ule. Je, alikuwa na habari za vijiji vilivyochomwa na watu wa Abushiri? Aliwahesabu watu wake kama Bwana Heri alivyowahesabu wa kwake? Alikawia, kama yule kijana alivyokawia? Au alizitazama fedha tu? Hakuna ajuaye, na asiyejua hana ruhusa ya kujaza nafasi hiyo kwa apendavyo, si kwa kumtakasa wala kwa kumkaanga.

Lakini fasihi inaruhusu jambo moja: kuonyesha maswali yaliyo ya haki. Kwa yule kijana wa utendi maswali ni manne. Alijua nini? Alikuwa na njia nyingine? Alishurutishwa na nani? Na ni nani aliyefaidika? Kijana alijua, alikuwa na njia nyingine, hakushurutishwa, na faida aliyoitaka ilikuwa yake peke yake. Majibu yote manne yanamlaani. Kwa Magaya, ni moja tu lililojibiwa na kumbukumbu, la nne, na hata hilo kwa nusu. Jumbe mwenye mji mdogo, aliyezungukwa na jeshi lililokwisha kuivunja Bagamoyo na Pangani, na mlangoni pake amesimama mgeni ambaye kumficha huenda kukauchomesha mji mzima: mtu huyo hayumo katika mizani moja na kijana aliyelala chini ya paa la baba yake. Pengine alifanya ubaya. Ubaya wenyewe ni wa namna nyingine, na lugha yenye neno moja tu, msaliti, kwa wote wawili, ni lugha ambayo haijamaliza kufikiri.

Haya si maneno ya kuwatetea wauza watu. Saada yupo katika utendi kwa ajili hiyo hasa. Yeye alikuwa na kidogo kuliko Magaya na kuliko kijana, na hatari yake ilikuwa kubwa, na hakumuuza mtu. Kuwapo kwake kunakataza udhuru wa haraka kwamba mnyonge hana la kufanya. Lakini pia utendi haukumtaka kila mtu awe Saada. Ulimweka pale kama taa, uonekane urefu wa kivuli cha wengine.

Washairi wenyewe hawakuachwa nje ya mtihani huu. Katika mkusanyo wa Carl Velten wa nathari na mashairi ya Waswahili, uliochapishwa mwaka 1907, yamo mashairi ya Kiswahili yanayowasifu wakubwa wa Kijerumani. Yalitungwa na watu wa pwani, kwa vina na mizani vilivyonyooka, wakati kamba ilikuwa bado inakumbukwa. Ni rahisi kuwacheka leo. Lakini mtu aliyetaka mwanawe apate kazi ya ukarani, au aliyetaka tu aachwe salama, alikuwa na sababu zake za kutunga, na baadhi ya sifa hizo zina maneno ya pande mbili ambayo mgeni asingeyasikia. Al-Buhriy alichagua njia nyingine: kuvisimulia vita kwa tartibu, watu kwa majina yao, katika umbo ambalo wazee walilitumia kwa vita vya Mtume. Kwa kufanya hivyo aliwaambia wasikilizaji wake kwamba yaliyowapata Mrima yanastahili kukaa katika rafu moja na habari za zamani. Hakushika bunduki kwa beti zake, wala beti hazikumwokoa Abushiri. Zilimwokoa asiwe mstari mmoja katika ripoti ya Kijerumani.

Kuna mtu mmoja ambaye hadithi zote mbili humwacha aende zake kwa amani, naye ni mnunuzi. Mfalme wa Pate hakuchomwa sindano. Alipata alichokitaka, na aliyekipata kwa niaba yake akafa kwa fedheha. Wissmann naye alirudi mwaka 1895 akiwa gavana, na baada ya kifo chake akajengewa sanamu Dar es Salaam: yeye juu, na askari wa Kiafrika chini yake akimtazama. Waingereza waliiondoa baada ya Vita vya Kwanza. Mwaka 1922 ikasimamishwa tena Hamburg, mbele ya chuo kikuu, na wanafunzi wa chuo hicho waliivuta hata ikaanguka kabisa mwaka 1968. Kwa karibu miaka 60 mnunuzi alisimama juu ya nguzo, huku mabishano ya pwani yakiwa juu ya nani alimuuza nani. Hasira ya watu ilielekezwa kwa mkono uliopokea. Mkono uliotoa haukutazamwa sana, kwa kuwa ulikuwa juu mno.

Kwa hivyo anayeusoma utendi wa Liyongo kwa kituo, na asimame mahali ambapo wengi hawasimami, nako ni kwenye kisima. Liyongo, sindano ikiwa mwilini, aliamka, akachukua upinde wake, akaenda akapiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa tayari, na akafa katika hali ile. Watu wa mji hawakujua kwamba amekufa. Wakaogopa kuteka maji. Kiu ikawashika watu ambao hawakuahidiwa binti wa mfalme, hawakuficha tupa katika mkate, na hawakuulizwa lolote tangu mwanzo. Ikabidi mama aitwe, aje amwimbie mwanawe, amtulize, amsihi awaachie njia. Aliimba mbele ya maiti asijue kuwa ni maiti. Siku kadhaa zikapita kabla ya mwili kuanguka.

Pangani nayo ilikuwa na watu kama hao mwezi Desemba 1889: wenye mitungi, wenye mashua, wenye watoto wa kulisha. Utenzi wa al-Buhriy haukuweza kuwataja wote, na kitabu cha Wajerumani hakikujaribu. Waliendelea kushuka mtoni asubuhi, wakipita karibu na pale kamba ilipofungwa, na kuteka maji.